Nyayo za ukurasa wa 41

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za mchana. Feni moja imegoma, kwa hiyo mliokaa mbali na dirisha mtanivumilia.

Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tunamalizia kuijadili ile riwaya ya upelelezi, mjomba mmoja alisimama pale nyuma, akakifunga kitabu chake kwa kishindo na kusema, "Huyu mwandishi katupiga kangomba." Watu walicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Mgeni angehitaji kufafanuliwa, lakini hapa Mtwara nani asiyeijua kangomba? Una shida, korosho bado maua, unapewa vijisenti; msimu ukifika mzigo si wako. Mjomba anasema kapewa kihofu kidogo ukurasa wa kwanza, na kwa bei hiyo kachukuliwa usiku tatu.

Dada aliyekaa mbele yake akageuka, akamwambia, "Mbona mimi nimelipwa chote?"

Ndipo nikaombwa nije leo kueleza inakuwaje watu wasome kitabu kimoja, kurasa zilezile 214, halafu huyu aone kaibiwa na yule aone kapewa. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na nimestaafu, kwa hiyo sina tena kalamu nyekundu. Jina la kitabu sitalitaja. Mwandishi ni kijana, hiki ndicho kitabu chake cha kwanza, na wapo walioninong'oneza mlangoni kwamba hawajafika hata katikati. Kwa ajili yao muuaji naye sitamtaja, ingawa itabidi niseme anaingia ukurasa wa ngapi. Hilo mtanisamehe.

Tuanze na nyayo. Mwili unakutwa ufukweni. Usiku wa tukio mwezi ulikuwa mpevu. Mwandishi kaueleza vizuri sana, unaona kabisa ngalawa zimelala upande na kamba zake zinang'aa. Mtu anauawa saa tano usiku, kwenye mchanga mbichi, chini kabisa kuliko zilipo ngalawa. Asubuhi saa moja Inspekta anafika, anainama, anaona alama za kandambili, ya kushoto imelika kisigino. Hiyo kandambili ndiyo inayobeba kitabu kizima. Ukiitoa, hakuna kesi.

Sasa, mzee wetu wa Mikindani, yule pale mwenye kofia, alifika ukurasa huo wa 41 akaniambia, "Mwalimu, mimi nimeishia hapa." Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama mtoto aliyekosa hesabu ya kujumlisha. Mwezi mpevu ni bamvua. Bamvua maji hutoka mbali mno usiku ule, halafu hurudi kwa nguvu, na kwenye saa kumi alfajiri yamejaa mpaka juu. Alama iliyokanyagwa saa tano chini ya ngalawa haioni asubuhi. "Huyo Inspekta," akasema, "ameziona nyayo za samaki."

Ni kweli tupu. Mwandishi angeweza kuuhamisha mwezi. Angeandika siku ya maji mafu, bahari isiyopanda sana wala kushuka sana, na nyayo zingebaki palepale zilipo. Lakini alitaka mwanga wa mwezi mpevu kwa ajili ya picha, na alitaka nyayo kwa ajili ya ushahidi, na bahari haikubali kutoa vyote viwili usiku mmoja. Msomaji wa Dodoma hatagundua kamwe. Msomaji wa hapa keshagundua kabla hajafungua ukurasa wa 42, na kuanzia hapo kila Inspekta anachokisema anakisikia kama mtu anayesikiliza ushahidi wa uongo.

Lakini dada yetu naye ni wa hapahapa, kaolewa kwa wavuvi, bamvua anaijua. Nilimuuliza: hukuziona hizo nyayo? Akasema aliziona, akaziruka. "Mwalimu, mimi sikuwa nafuata nani kaua. Nilikuwa namwogopea yule binti muuza maandazi."

Nadhani ugomvi wetu wote umekaa hapo. Wasomaji wawili wamekipa kitabu mkopo wa aina mbili. Mmoja kampa mwandishi akili yake: nipe alama, nitazipanga, mwisho tuone nani mjanja. Huo ni upelelezi. Mwingine kampa moyo wake: nionyeshe hatari mapema, nionyeshe na mtu asiyeiona, halafu nicheleweshe. Hiyo ndiyo taharuki. Hizi mbili hukaa kitabu kimoja kama mke mwenza na mke mwenza. Hazigombani kila siku, lakini usidhani ni kitu kimoja.

Taharuki hamhitaji kufundishwa na mimi. Mmekaa kwenye minada ya korosho. Kumbukeni kabla bei hazijaanza kutokea kwenye skrini: barua za wanunuzi ziko ndani ya sanduku, zimefungwa, na wakulima wamekaa chini ya mwembe. Msimamizi wa mnada anafungua ya kwanza. Anasoma jina la kampuni, polepole. Anasoma tani. Anakohoa. Hakuna siri kubwa ndani ya karatasi ile, ni namba tu, lakini watu mia tatu wameacha kupumua kwa sababu kila mmoja anazijua kilo zake zilizoko ghalani, na ada ya mtoto, na deni la pembejeo. Mgeni aliyepita barabarani anaona watu wanasomewa karatasi. Hofu haiko kwenye karatasi, iko kwenye kile ulichokiweka ghalani kabla ya kuja. Dada yetu alimweka binti yule ghalani tangu ukurasa wa 12, pale anapouza maandazi na kukataa kumkopesha askari. Mjomba hakuweka mtu, aliweka fumbo.

Na fumbo lenyewe, jamani, halikulipwa vizuri. Hapa niko upande wa mjomba. Muuaji anaingia ukurasa wa 190. Zimebaki kurasa 24! Mwaka 1929 padri mmoja Mwingereza, Ronald Knox, ambaye naye aliandika hadithi za upelelezi, alitoa amri kumi za kazi hiyo, na ya kwanza inasema mkosaji lazima awe ametajwa mapema katika hadithi. Amri nyingine zake zimechakaa, nyingine zinachekesha, lakini hiyo ya kwanza bado ina meno. Ukimleta mtu mlangoni wageni wakiwa wanaaga, usituambie ndiye aliyeila nyama.

Msichana mmoja wa kidato cha sita alinipinga, na kwa adabu kabisa. "Shikamoo mwalimu, lakini mtaani si ndivyo ilivyo? Anayekudhuru mara nyingi humjui." Sikuwa na jibu la haraka. Jibu nililolipata usiku, kitandani, ni kwamba mtaa haukuniomba nivumilie kurasa 190. Sijui kama linatosha. Yeye alicheka tu nilipompa.

Nataka nikae kidogo kwenye kungoja, maana watu wa Kusini tunakujua kungoja kuliko wengine. Wakubwa wenzangu mnakumbuka hadithi za magazetini zilizokuwa zinaishia na neno "Itaendelea". Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji tulikuwa tunauvuka kwa kivuko cha Ndundu, na masika yakikolea barabara ilikuwa inakatika, basi halifiki, gazeti halifiki. Mwaka mmoja nilimwacha mpelelezi kafungwa ndani ya buti la gari, na matoleo yaliyofuata hayakufika. Mimi na walimu wenzangu wawili tukaanza kumtoa wenyewe. Mmoja alimpa bisibisi. Mwingine alisema dereva ni shemeji yake. Mimi nilimtoa kwa hila moja ndefu, yenye mbuzi na kizuizi cha polisi, ambayo mpaka leo naiona nzuri. Barabara ilipofunguka tukalikimbilia gazeti stendi. Mwandishi alikuwa kamtoa kwa sentensi moja: buti halikufungwa vizuri.

Hasira niliyoipata siku ile si ya haki, lakini ni ya kweli. Ukimngojesha msomaji, hakai bure, anaandika. Kadiri unavyomchelewesha ndivyo anavyokuandalia mshindani, na mshindani huyo ni yeye mwenyewe. Riwaya yetu hii inachelewesha sana sura ya tano hadi ya tisa. Anayeisoma kwa usiku mmoja hapati nafasi ya kuandika ya kwake. Mjomba aliisoma usiku tatu, na mchana alikuwa anaiwaza dukani. Alifika mwisho akiwa na muuaji wake, tena bora.

Wapo waliosema kijana kaiga Wazungu. Hili nitalipita haraka, maana ni la zamani. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipompa mpelelezi wake, Bwana Msa, kiko na rafiki wa kufuatana naye, akaambiwa huyo ni Sherlock Holmes kavaa kanzu. Lakini hadithi yake ya kwanza ilishinda shindano la uandishi la 1957/58 na ikachapishwa 1960. Elvis Musiba alipomtuma jasusi wake, Willy Gamba, kazini miaka ya 1970, watu wakanusa James Bond. Wasomaji wao wakaendelea kuazimana nakala mpaka majalada yakadondoka. Sisi walimu tukaziweka kapu moja, tukaliita riwaya pendwa, na tukalitamka hilo neno kwa midomo iliyokunjwa. Sijui ni lugha gani nyingine ambamo kupendwa ni kosa.

Nimeulizwa nimpe kijana alama ngapi. Sitampa. Nitamwambia auhamishe mwezi, na amlete muuaji anunue andazi ukurasa wa 12. Sura ya saba asiiguse hata nukta: binti yuko jikoni, kibatari kinayumba, na komeo la mlango wa uani, ambalo yeye kalifunga kwa mkono wake, linasogea. Nilipoisoma niliamka nikaenda kuangalia komeo langu.

La mwisho. Mzee wa Mikindani kanirudishia nakala ya maktaba leo asubuhi. Ukurasa wa 41 pembeni kaandika kwa penseli, "Saa kumi maji yamejaa." Mwandiko mzuri. Lakini nilipokuwa napekua nikakuta penseli ileile ukurasa wa 118, pale penye komeo. Safari hii hakuandika neno, kapiga mstari tu, na mkono ulikuwa unatetemeka.

Mzee wangu, si ulisema uliishia 41? Haya, mpeni kipaza sauti, maswali yaanze na yeye.