Jumatano ya Shairi, Ijumaa ya Muziki: Mhadhara wa Kufungua Msimu wa Maonyesho Chuoni

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni wetu,

Nimeombwa nizungumze juu ya msimu wa maonyesho ya muziki na fasihi katika chuo kikuu, na nilipoisoma ratiba iliyobandikwa mlangoni nilifurahi, kisha nikanung'unika. Muziki umepewa Ijumaa na ushairi umepewa Jumatano, kama ndugu waliogombana wasioweza kuketi jamvi moja. Nitakalolisema leo ni kwamba katika Kiswahili viwili hivi havikuwahi kugombana, na kwamba aliyevitenga ni chuo kikuu, siku kilipoamua kwamba fasihi ina idara yake na muziki una yake.

Mwanafunzi wa sekondari anajua kuhesabu mizani, yaani silabi: kumi na sita katika mshororo, nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili, kina kati na kina mwisho. Ukimuuliza kwa nini nane, atakujibu kuwa ndivyo kanuni za ushairi zinavyotaka. Mwimbaji hatakujibu hivyo, kwa sababu kwake nane ile ni kipimo cha pumzi. Pale ukwapi unapokwisha ndipo anapopata nafasi ya kuvuta hewa, na kina cha kati kinamjulisha mpiga fidla kwamba zamu yake i karibu. Utenzi nao, wenye vipande vinne vya mizani nane kila kimoja, uliwafikia watu wa Pate na Lamu kwa mahadhi, na wengi waliokuwa wakiuitikia hawakuwahi kuutia mkononi mswada wake. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri za nyimbo za Kiswahili, hakupitia shule; maneno aliyoyaimba aliyapokea kwa sikio. Aliyeyaandika maisha yake hakuwa mwanamuziki, alikuwa Shaaban Robert. Sioni ajabu hapo: mshairi alimwandikia mtu wa ufundi mmoja naye.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mfano unaonihusu zaidi. Kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na kabla ya muongo ule kwisha sanaa za maonyesho zilikuwa zimekwisha kuwa somo linalofundishwa. Ebrahim Hussein, mtu wa Kilwa, alikuwa miongoni mwa waliosoma pale. Tamthilia yake Kinjeketile, inayohusu Vita vya Maji Maji, ilichapishwa mwaka 1969 na inajulikana na kila aliyepita sekondari, lakini mimi huvutiwa zaidi na Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, zilizotoka mwaka 1976, ambamo aliliacha umbo la jukwaa lililojaa wahusika akarudi kwa mtambaji wa ngano. Hadithi hizo ziko katika lugha ya kishairi, na ukizisoma kimya chumbani utaona kurasa chache tu. Mpe msomaji mwenye sauti, uone ukumbi unavyotulia. Tena ni Hussein huyohuyo aliyeandika shairi liitwalo "Ngoma na Vailini", kuhusu nafsi inayovutwa huku na huku na ala mbili. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini shairi hilo husomwa darasani bila ngoma na bila vailini.

Penina Muhando naye alimweka Bi Msimulizi katikati ya tamthilia yake Nguzo Mama, mwaka 1982, na katika miaka hiyohiyo yeye na Amandina Lihamba pamoja na wenzao walitoka chuoni wakaenda kufanya kazi ya sanaa na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Makerere walikwisha kutangulia tangu miaka ya sitini, kwa kundi la wanafunzi lililozunguka likionyesha michezo bure. Hilo la kutoka nje ya geti linahitaji mhadhara wake, kwa hiyo nalipita.

Najua yupo atakayenyosha mkono aniulize kuhusu mashairi huru, yale yasiyofuata vina na mizani. Swali ni la haki. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo, wanaoshikilia kanuni za zamani, walikasirika hasa kwa kuwa mashairi yale hayaimbiki kwa mahadhi waliyoyazoea, na katika hilo hawakukosea, ingawa hukumu waliyoitoa kutokana nalo siikubali. Shairi huru halitaki kuimbwa. Linataka kusemwa, na ala iliyo karibu nalo ijue kunyamaza. Mpiga udi mmoja aliye makini, anayegusa uzi kisha akauacha mpaka ulie wenyewe uishe, anatosha. Ukimletea akodiani na dumbaki utakuwa umelizika.

Nitaeleza sasa jambo nililoliona kwa macho, katika chuo kimoja nilichopata kufundisha. Tulialika kikundi cha taarabu na mzee mmoja mtunga tenzi, tukawapa usiku mmoja. Mpiga ganuni alifika mapema akalinganisha nyuzi zake, ambazo ni zaidi ya sabini, tatu kwa kila sauti. Saa kumi na moja mtu mwenye nia njema akawasha viyoyozi ili wageni wasitoke jasho. Daraja la ganuni hukaa juu ya ngozi, na ngozi haipendi hewa igeuke ghafla. Ilipofika saa moja ala nzima ilikuwa imekengeuka, na yule kijana akaanza upya, uzi kwa uzi, mbele ya ukumbi uliojaa. Dakika arobaini. Wanafunzi walianza kutazama simu. Ndipo yule mzee alipoinuka bila kuitwa, akaisogeza maikrofoni pembeni, akaanza utenzi wake kwa mahadhi ya kwao. Ubeti wa tatu watu wa nyuma walikuwa wakibeba viti kuja mbele, na ubeti wa sita ukumbi ulikuwa ukikipokea kina cha mwisho pamoja naye, kwa kuwa kina kile kinarudi na sikio hukijua kabla mdomo haujakifikia. Mpiga ganuni, huku akiendelea kukaza nyuzi zake, akawa anamtafutia sauti. Akaipata. Sehemu ile haikuwa katika ratiba, na ndiyo pekee niliyoikumbuka kesho yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandaaji ni dogo. Shairi la Jumatano lihamishiwe Ijumaa, washairi na wanamuziki wapewe walau siku mbili za mazoezi ya pamoja, na siku hizo zilipwe kama yanavyolipwa maonyesho yenyewe. Viti vya mbele wasiwekewe wageni rasmi wanaochelewa. Na kiyoyozi, tafadhali, kikiwashwa kiwashwe tangu asubuhi, au kisiwashwe kabisa.