Keki ya chokoleti na cheri: uchachu umeenda wapi?

MPWA: Karibuni tena kwenye kipindi, tuko Kigoma, joto la saa nane mchana linatupika taratibu. Shangazi yangu yupo hapa kama kawaida. Shikamoo shangazi.

SHANGAZI: Marahaba baba. Hamjambo wasikilizaji.

MPWA: Leo nataka tuongelee blakforesti, ile keki ya chokoleti na cheri yenye jina la Msitu Mweusi wa Ujerumani. Kila sherehe siku hizi, iwe kipaimara, iwe sendofu, ipo mezani. Na nyingi, naomba radhi kwa wapishi, ni tamu mpaka meno yanalia.

SHANGAZI: Hapo hapo ndipo pana ugomvi wangu. Keki ile kwa asili siyo ya utamu mwingi. Kule Ujerumani wanaweka cheri chachu, wanaweka na kirsch, yaani pombe kali inayotokana na cheri. Kakao ina uchungu wake, krimu inatiwa sukari kidogo tu, halafu ile cheri inakuja kukata mafuta mdomoni. Sisi tumebaki na umbo: weupe, weusi, na vile vicheri vyekundu vya sukari juu vinang'aa kama taa za bajaji.

MPWA: Vile ukitafuna unasikia sukari na rangi, basi.

SHANGAZI: Mimi navitoa pembeni ya sahani.

MPWA: Ni ya zamani sana hii keki?

SHANGAZI: Siyo sana. Kuna mpishi mmoja, Josef Keller, alidai aliitengeneza mwaka 1915 mjini Bad Godesberg, jirani na Bonn, mbali kabisa na huo msitu wenyewe. Wapo wanaombishia, wanasema ilianzia kwingine baadaye.

MPWA: 1915! Mwaka huo huo Wajerumani walikuwa hapa kwetu wanaishusha meli ya Liemba ziwani, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen. Ilikuja vipande vipande kwenye masanduku, kwa reli.

SHANGAZI: Meli wakatuachia, keki imetufikia kwa simu. Turudi jikoni.

MPWA: Haya. Cheri chachu nazipata wapi mimi wa Mwanga, hapa hapa Kigoma?

SHANGAZI: Mbichi usahau. Mcheri unataka miezi ya baridi kali ndipo utoe maua vizuri, hapa ziwani baridi hiyo hakuna. Kuna za chupa, zinakuja ndani ya maji yake. Ukiwa na ndugu Dar, muombe akuwekee kwenye basi. Lakini mimi kwa wateja wa kawaida natumia choya.

MPWA: Choya? Hii ya juisi?

SHANGAZI: Hii hii. Chukua choya kavu, kiasi cha viganja viwili, chemsha na vikombe viwili vya maji kama dakika kumi, chuja. Tia sukari, lakini uonje: ulimi ushtuke kidogo. Gawa mara mbili. Nusu inabaki shira ya kulowanishia keki, badala ya kirsch. Huku Ujiji wateja wangu wengi hawagusi pombe, kwa hiyo hilo halina mjadala. Nusu nyingine irudishe jikoni na cheri za kopo, hata kama ni zile tamu. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha konaflawa kwenye maji baridi, mimina, endelea kukoroga mpaka iwe nzito na ianze kuonyesha mng'ao. Epua. Ipoe kabisa kabisa.

MPWA: Na zambarau je? Zikiwa kwenye msimu zinajaa barabarani.

SHANGAZI: Zinafaa. Toa kokwa, pika na sukari na ndimu ili ule ukakasi upungue. Rangi yake inapendeza kuliko cheri, nikwambie ukweli.

MPWA: Mjerumani akisikia?

SHANGAZI: Miongozo yao inataka ladha ya kirsch isikike ndani ndipo uiuze kwa jina lile. Basi mimi nauza keki ya chokoleti na zambarau, na inaisha.

MPWA: Sawa. Keki yenyewe sasa.

SHANGAZI: Mayai sita ya kisasa. Ya kienyeji ni madogo, weka manane. Sukari robo tatu ya kikombe mpaka kikombe, unga wa ngano robo tatu ya kikombe, kakao theluthi moja ya kikombe. Kakao halisi, siyo chokoleti ya kunywa yenye sukari. Kyela wanalima kakao, hatuna sababu ya kudanganyana. Siweki siagi wala baking pauda.

MPWA: Inaumuka na nini?

SHANGAZI: Hewa ya mayai. Weka bakuli la mayai na sukari juu ya sufuria ya maji ya moto, koroga mpaka yapate uvuguvugu, kisha piga. Piga sana. Inua mchapo, uchore nane juu ya povu. Ile nane ikizama papo hapo, mkono haujachoka bado. Ikikaa, ukaihesabu mpaka tano unaiona, tayari. Unga na kakao chekecha pamoja, tia kidogo kidogo, geuza na mwiko kutoka chini kuja juu. Kakao ina mafuta, na mafuta ni adui wa povu, kwa hiyo usikoroge kwa hasira.

MPWA: Wasio na oveni?

SHANGAZI: Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, moto umeshapanda. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Nusu saa hivi, na usifunue funue. Chomeka kijiti, kitoke kikavu.

MPWA: Kukata matabaka ndipo mimi huwa naona watu wanaharibu.

SHANGAZI: Acha ilale usiku mzima kwanza. Halafu tumia mshipi.

MPWA: Mshipi wa kuvulia?

SHANGAZI: Mpya, siyo wa wavuvi wa Kibirizi uliokwisha onja samaki wa migebuka! Kwaruza mstari kwa kisu kuzunguka keki, laza mshipi kwenye mstari, pishanisha ncha mbele, vuta taratibu. Inakatika sawasawa kuliko kisu.

MPWA: Krimu na joto hili sasa...

SHANGAZI: Bakuli, mchapo na krimu vyote vilale kwenye friji. Umeme ukikatika, nunua barafu, ivunje kwenye beseni, nyunyiza chumvi, bakuli likae juu yake. Chumvi inazidisha ubaridi. Krimu ya unga nayo inakubali, ila tumia maziwa ya baridi sana na usiongeze sukari, tayari imo. Kisha panga: tabaka, shira, krimu nyembamba. Zungushia ukuta wa krimu pembeni, cheri zikae katikati, la sivyo zitamwaga rangi nje. Rudia. Juu kwaruza chokoleti kwa kisu.

MPWA: Mteja anaichukua saa ngapi?

SHANGAZI: Ikae kwenye baridi kwa muda wa saa sita kwanza. Na akija na bodaboda, simpi. Aite bajaji.