Chipu Unayoipoteza na Chipu Unayoishinda

Wazee wangu shikamooni. Vijana, mambo? Ahsanteni kwa kuja, tena jioni ya baridi kama hii ya Arusha.

Humu ndani wengi tumekulia kwenye arubastini, kwa hiyo ree na shupaza sina haja ya kuwafundisha. Leo nazungumzia poka aina ya holdemu isiyo na kikomo cha dau, kwenye mashindano yanayochezwa kwa siku kadhaa. Sheria nazipitia haraka. Unapewa karata 2 za siri, kisha zinafunuliwa 5 katikati ya meza kwa ajili ya wote: 3 kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Mwenye karata 5 bora ndiye anayezoa. Kukosa kikomo maana yake ni kwamba zamu yako ikifika unaweza kusukuma chipu zako zote, yaani vile visahani vya kuwekea dau, na mwenzako lazima aamue: afuate kwa kuweka dau sawa na lako, au atupe karata zake.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wachezaji wazuri wengi wanapoangukia. Kwenye mashindano, chipu si hela. Umelipa ada ya kuingia, imeondoka. Huwezi kunyanyuka katikati ya mchezo ukaenda dirishani kuzibadilisha. Unalipwa kwa nafasi uliyotokea, basi.

Tuseme mmebaki wanne, kila mmoja ana chipu 10,000. Zawadi ni tatu: shilingi milioni 50, 30 na 20. Wa nne anaondoka mikono mitupu. Mkiwa sawa hivyo, haki ya kila mmoja, yaani fungu lake la zawadi kwa wastani, ni milioni 25. Jirani yako anasukuma zote. Wewe umeshika malkia wawili, na tuseme unajua kabisa kwamba yeye ana ree na mfalme. Utashinda takriban mara 55 katika 100. Mezani kwa rafiki, mnapochezea hela taslimu, unafuata bila kufikiri.

Hapa subiri kwanza. Ukishinda unakuwa na 20,000, na wenzako wawili 10,000 kila mmoja. Piga hesabu ya uwezekano wa kila nafasi: haki yako inapanda hadi kama milioni 38.3. Haifiki 50! Chipu zimeongezeka maradufu, hela hazikuongezeka hivyo. Kwa hiyo unahatarisha milioni 25 ili upate 13 na kidogo. Ili ufuate, unahitaji kushinda zaidi ya mara 65 katika 100. Malkia wako wawili, wazuri vile, unawatupa. Na wale wawili ambao hawakugusa karata? Mkigongana ninyi, haki ya kila mmoja wao inapanda karibu milioni 6, awe ameshinda nani kati yenu. Mimi hesabu hii naiheshimu kuliko ujanja wote wa kuzuga.

Ndiyo maana chipu ya mwisho ina thamani kubwa kuliko zote. Mwaka 1982, kwenye mashindano makuu ya World Series of Poker kule Las Vegas, Jack Straus alibaki na chipu moja tu. Akaendelea nayo, akatwaa ubingwa.

Mashindano hayo, ambayo ada yake ni dola 10,000, mwaka 2023 yaliingiza watu 10,043, na Daniel Weinman akaondoka na dola milioni 12.1. Kila mtu anaanza na chipu 60,000, na kila baada ya saa mbili za mchezo blaindi, yaani dau la lazima, linapanda. Siku ikiisha unahesabu chipu zako mwenyewe, unazitia kwenye mfuko, unaandika jina na idadi, mfuko unafungwa kwa lakiri. Ukalale. Kulala ni sehemu ya mchezo, kwa sababu saa ya kumi ya kukaa mezani ndipo mtu anapofuata dau kwa uchovu tu.

Lakini msinielewe kwamba dawa ni kujificha. Ree wawili wanakuja mara 1 katika 221. Ukiwasubiri hao, blaindi zitakumaliza. Sukuma wewe, mwachie mwenzako mzigo wa kufuata. Hesabu ile ya 65 sasa inambana yeye.

Kwa hapa nyumbani, mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi na sheria kucheza kamari, na ada ya kuingia isitoke kwenye karo ya mtoto. Hilo nalisema kwa uzito wote.

Mkibaki wawili, kila kitu kinabadilika. Zawadi ya pili mnayo wote, kinachogombewa ni tofauti tu kati ya ya pili na ya kwanza, na hapo kila chipu inarudi kuwa na thamani sawa na nyingine. Malkia wale uliowatupa mkiwa wanne, sasa unafuata nao bila kusita.