PhD Ulaya: Acha Kutafuta Skolashipu, Tafuta Tangazo la Kazi

Shikamooni wazazi wangu. Wadogo zangu, mambo? Hapa Uppsala, Sweden, ni saa tisa alasiri, Desemba hii jua limeshazama, ndiyo maana nimewasha taa zote hizi. Leo nina neno na wewe uliye pale Tengeru, au maabara za KCMC Moshi, umemaliza uzamili na kila unayekutana naye anakwambia "tafuta skolashipu ukasome PhD."

Mimi neno hilo lilinipotezea miaka miwili. Nikiliandika mtandaoni naletewa kurasa zilezile zilizojaa matangazo. Mpaka dada mmoja niliyesoma naye akaniambia: Sweden hawatangazi skolashipu, wanatangaza kazi.

Hapa nisikilizeni vizuri. Sweden, Uholanzi, na mara nyingi Ujerumani pia, anayesoma uzamivu, yaani PhD, ni mwajiriwa. Fedha za umma zinapitia bajeti ya chuo au mabaraza ya utafiti, zinamfikia profesa mwenye mradi, kisha nafasi inatangazwa. Huku nina mkataba, nalipwa mshahara, nakatwa kodi, na ada silipi. Kwa hiyo fungua ukurasa wa nafasi za kazi wa chuo chenyewe. Fungua pia EURAXESS, tovuti ya Umoja wa Ulaya inayokusanya nafasi za watafiti, nayo ni bure kabisa. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kuna mtu pale mjini Arusha alinidai laki nane "anifungulie faili." Nilikopa kwa mjomba nikalipa, na faili sijaliona hadi leo. Jamani, msimpe mtu hela kwa jambo hili.

Sasa barua. Niliwatumia maprofesa barua pepe 37 zinazofanana: mimi ni mchapakazi, napenda sayansi, naomba unipokee. Hakuna aliyenijibu. Ya 38 niliianza hivi: "Nimekulia Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. Meno ya wadogo zangu yana rangi ya kahawia kwa sababu ya madini ya floraidi yaliyo kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kisima chetu nimekipima, kimezidi. Nimesoma makala yako kuhusu kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa. Maji yetu yana baikaboneti nyingi, nayo hupunguza nguvu ya mkaa huo. Je, umewahi kuujaribu kwenye maji ya namna hii?"

Siku mbili tu, jibu likaja. Hakuniahidi nafasi. Alisema mwezi wa tatu kutakuwa na tangazo, niombe kama wengine. Nikaomba, nikasailiwa, nikapata. Mdogo wangu, kile kisima cha nyumbani unachokiona cha kawaida, profesa wa huku hana. Anza nacho.

Mwenye PhD tayari, angalia ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya. Uraia wowote unaruhusiwa. Sharti lake kubwa ni usiwe umeishi au kufanya kazi kwenye nchi unayoiomba zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Wewe uliyebaki Moshi, sharti hilo linakubeba! Ila msimamizi wa chuo cha huku unamtafuta kwanza, mnaandika andiko la utafiti pamoja, na kwa kawaida dirisha la maombi hufungwa Septemba. Ukianza kumtafuta Agosti umechelewa. Anza Machi, mtu apate muda wa kukujua.

Kama sampuli utazichukua nyumbani, kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, usikiache cha mwisho, na ukigusa wagonjwa kuna kibali cha maadili pia.

Halafu majina, nawaomba sana. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne kinasema vile, pasipoti ina la tatu. Nenda kwa wakili ukaape kiapo cha majina wiki hii, kabla hujapata nafasi, maana ukishapata utakuwa unakimbizana na viza.

Andika aya yako ya kwanza, ile ya kisima chako, au shamba lako la kahawa, au wodi yako. Nitumie. Jumapili nikitoka kanisani nitakaa nizisome moja moja.