Ares na Mars: Pale Jedwali la Miungu Linapopotosha

Ndugu wasikilizaji, jedwali linalolinganisha miungu wa Kigiriki na wa Kirumi mnalijua: Zeus ni Jupiter, Hera ni Juno, Poseidon ni Neptune, Ares ni Mars. Linafaa kwa kukumbuka majina. Anayelitegemea kuelewa ibada za Warumi hupotea, na hapotei popote kama kwa Mars.

Tuanze na Ares, mungu wa vita wa Wagiriki. Katika Iliadi, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troya, kitabu cha 5, Diomedes, ambaye ni binadamu, anamchoma mkuki tumboni kwa msaada wa Athena. Ares anakimbilia Olimpo kulalamika, na Zeus, baba yake mzazi, anamwambia kwamba kati ya miungu wote anamchukia yeye zaidi.

Sasa twende Roma. Mars ni baba wa Romulus na Remus, mapacha wa hadithi ya kuanzishwa kwa Roma, na Machi, uliokuwa mwezi wa kwanza katika kalenda yao ya kale, ni wake. Cato, mwandishi wa Kirumi, katika kitabu chake cha kilimo cha karne ya 2 KK, anamwagiza mwenye shamba azungushe kitoto cha nguruwe, mwanakondoo na ndama kwenye mipaka ya shamba, halafu awachinje akimwomba Mars azuie magonjwa yanayoonekana na yasiyoonekana, astawishe nafaka na mizabibu, awalinde wachungaji na mifugo. Je, dalili za kafara zikiwa mbaya? Arudie na wanyama wote watatu. Akitilia shaka mmoja tu, tuseme nguruwe, basi alete nguruwe mwingine na kutamka wazi kwamba huyu ni fidia ya yule. Tazameni ukali wa utaratibu huo! Ares hakuna mkulima aliyemkabidhi ndama zake namna hii.

Basi ulinganifu ulitoka wapi? Warumi waliishi karibu na miji ya Kigiriki ya kusini mwa Italia, na hadithi zikahamia kwa miungu yao. Mwaka 217 KK, Hannibal, jemadari wa Carthage, alipowashinda kwenye Ziwa Trasimene, waliwaandalia miungu kumi na wawili karamu, wawili wawili. Mars aliwekwa na Venus, kwa sababu Wagiriki walisimulia mapenzi ya Ares na Aphrodite. Neptune aliwekwa na Minerva, anayelinganishwa na Athena, jozi inayokumbusha ushindani wa Poseidon na Athena juu ya Athens. Vulcan na Vesta wote ni wa moto.

Kwa hiyo ukikutana na mungu wa Kirumi, uliza kwanza sikukuu yake ni lini, hekalu liko wapi, anachinjiwa nini. Hadithi zije baadaye.

Jedwali lenyewe lina mapengo pia. Apollo hana jina la pili la Kirumi: aliingia Roma na jina lake la Kigiriki, na hekalu lake likawekewa nadhiri mwaka 433 KK wakati wa tauni. Janus naye, mungu wa milango na mianzo, hana mwenzake Ugiriki. Ndiyo maana jedwali humwacha nje, ingawa katika kafara ile ile ya shambani Cato anaagiza atajwe wa kwanza kwa divai, mbele ya Jupiter.