Fataki za Keki na Mlango wa Nyuma

MUSA: Hamjambo wasikilizaji wetu wa Kampala, Jinja, Arua, Busia na popote mlipo. Mimi ni Musa, niko na dada Zaituni, ambaye wengi mnajua kazi yake ni kupamba kumbi za harusi. Juzi tulikwama kwenye foleni ya magari pale Wandegeya akanisimulia jambo, nikamwambia dada, hili usiniambie mimi peke yangu.

ZAITUNI: Asante kaka Musa. Ni habari ya fataki za keki. Harusi zetu mnazijua. MC anaita maharusi, taa zinazimwa, muziki unapandishwa, halafu cheche zinaruka pande zote mbili za keki. Kila mtu ameinua simu. Siku hiyo nilikuwa nimesimama karibu na meza kuu, na kitambaa cha dari nilikuwa nimekifunga mwenyewe tangu alfajiri. Shifoni nyeupe, ukumbi mzima. Nikaona nukta nyekundu juu. Ndogo tu. Ikapanuka ikawa tundu, kama sarafu ya shilingi 500, na ukingoni mwa tundu matone yakaanza kudondoka.

MUSA: Matone ya nini, na kitambaa ni kikavu?

ZAITUNI: Ya kitambaa chenyewe. Ile shifoni tunayotumia si pamba, ni poliesta. Inayeyuka kama mfuko wa kaveera ukiuweka juu ya sigiri, na tone linashuka likiwa bado linawaka. La kwanza likaangukia meza ya keki, la pili kwenye zulia. Kijana mmoja wa muziki akapanda kiti, akakivuta kitambaa chini, wenzake wakakikanyaga mpaka kikazima. Wageni wengi walipiga makofi, walidhani ni sehemu ya shughuli.

MUSA: Na wewe ulifanya nini?

ZAITUNI: Nilikimbilia mtungi wa kuzimia moto. Nikaukuta nyuma ya makreti ya soda, na jikoni hakuna aliyejua kuufungua. Nikaenda mlango wa nyuma: kufuli. Ufunguo anao askari, na askari ameenda kula. Kaka Musa, mle ndani mlikuwa na watu kama mia nne. Kina bibi, watoto wamelala mapajani mwa mama zao. Usiku ule sikulala. Niliona kile kitambaa ni mimi niliyekitundika.

MUSA: Lakini dada, wauzaji wanasema hizi ni fataki baridi. Hata mimi nimeona mtu akipitisha mkono.

ZAITUNI: Anapitisha mkono haraka, tena kule juu ambako cheche zimeshapoa. Auweke pale zinapotokea, uone. Cheche ni chembe ya madini inayowaka. Vile vijiti tunavyochomeka kwenye keki za watoto hufika nyuzi joto 1,000 na kupita, na maji ya chai yanachemka kwenye 100. Kuna mashine nazo zinazorusha unga wa titaniamu, joto lake ni dogo kuliko la baruti, lakini ukiiweka chini ya kitambaa cha poliesta au dari ya nyasi, neno baridi halikusaidii kitu.

MUSA: Nilisoma habari za klabu ya The Station kule Rhode Island, Marekani, Februari 2003. Bendi imeanza tu kupiga, fataki zikawashwa jukwaani, nyuma yake ukuta umebandikwa sponji ya kuzuia sauti. Watu 100 walikufa. Na kulikuwa na mpiga picha mle ndani, kwa hiyo video ipo. Kilichonishtua ni kwamba mwanzoni watu wanaangalia tu. Wengine wanashangilia.

ZAITUNI: Kama wageni wangu.

MUSA: Kabisa. Halafu walipoanza kukimbia, wengi walielekea mlango walioingilia, ingawa milango mingine ilikuwepo. Wakabanana pale, wakaangukiana.

ZAITUNI: Binadamu ndivyo alivyo. Atarudi alikopitia. Na ndiyo maana MC angepaswa kuonyesha milango yote kabla ya kuanza, kama anavyoonyesha vyoo viko wapi.

MUSA: Halafu Brazil, klabu ya Kiss, mjini Santa Maria, Januari 2013. Waliwasha fataki ya kutumia nje, ambayo ni ya bei rahisi. Ikagusa sponji ya dari. Watu 242. Mlango wa kutokea mmoja, na walinzi mwanzoni waliwazuia watu wakidhani wanatoroka bila kulipa. Romania nao mwaka 2015, klabu ya Colectiv, 64. Macedonia Kaskazini mwaka 2025, mji wa Kočani, cheche za jukwaani tena, dari tena. Na mkesha wa mwaka mpya wa 2026, Crans-Montana kule Uswisi, vijiti vya cheche vilivyochomekwa kwenye chupa za shampeni, ndani ya baa iliyoko chini ya ardhi. Watu wapatao 40, wengi wao vijana wadogo.

ZAITUNI: Chupa zenye cheche! Hizo Kampala tunaziona kila wikendi. Wasichana wanazibeba juu ya vichwa, wanapita chini ya mapambo.

MUSA: Na wengi wa waliokufa kwenye klabu hizo hawakuuawa na miali. Ni moshi.

ZAITUNI: Hapo naomba watu wanisikilize vizuri, kwa sababu tunadhani tuna muda. Sponji ya kuzuia sauti ni ndugu wa godoro. Ikiungua inatoa hewa ya kaboni monoksidi na sianidi. Unavuta mara chache tu, miguu inaisha nguvu, unaanguka ukiwa bado unauona mlango. Kwa hiyo ukiona dari inawaka, acha mkoba, acha viatu, usirekodi. Ondoka wakati bado inaonekana kama mchezo. Moshi ukishashuka, inama, tambaa.

MUSA: Kuna atakayesema hayo ni ya Ulaya.

ZAITUNI: Freedom City ni Ulaya? Pale kwenye jengo la maduka, barabara ya Entebbe, usiku wa kuamkia 2023, fataki zilirushwa nje, angani, hakuna kilichoungua. Watu walikimbilia kuziangalia, wakabanana kwenye njia nyembamba. Walikufa watu wasiopungua 9, wengine watoto. Njia tu. Na shule ya Buddo, mwaka 2008, bweni la wasichana likaungua, mlango umefungwa. Sisi tunafunga milango na kuweka vyuma madirishani kwa kuogopa wezi, siwalaumu watu, wezi wapo. Lakini ukumbi wenye watu ndani haufungwi kwa kufuli. Haufungwi.

MUSA: Polisi kila Desemba hutaja mahali palipopewa kibali cha kurusha fataki.

ZAITUNI: Hizo za nje. Za keki, tangu nianze kazi sijaona mtu akiuliza kibali. Zinakuja kwenye boksi pamoja na maua.

MUSA: Kwa hiyo sasa wateja unawaambiaje?

ZAITUNI: Nawaambia mapema, kwenye kikao cha kwanza cha kamati, kabla fedha haijatoka. Kitambaa changu na fataki havikai chini ya dari moja. Mmoja aliniambia, mama, binti yangu ataolewa mara moja tu, unataka picha zake ziwe za huzuni? Nilimweleza tu nilichokiona. Tukaweka taa ndogo ndogo za betri kwenye keki, na kina shangazi wakapiga vigelegele mpaka keki ikaisha kukatwa. Picha ni nzuri. Mwingine alikataa, akatafuta mpambaji mwingine. Ilikuwa kazi ya fedha nyingi, iliniuma.

MUSA: Na Jumamosi hii?

ZAITUNI: Jumamosi niko Jinja, kwanjula, ile sherehe ya kutambulishana kabla ya harusi, watu mia tatu kwenye hema. Nimewaomba pande mbili za hema ziachwe wazi, hata mvua ikinyesha. Jioni kuna sherehe ukumbini, na meneja nimeshampigia. Nikifika saa moja asubuhi nataka kuukuta mlango wa nyuma uko wazi na kufuli liko mezani kwake. Nisipouona wazi, ngazi yangu haishuki kwenye gari.

MUSA: Alijibu nini?

ZAITUNI: Alisema atamtafuta askari.