Ganda Linalong'aa na Ganda Lililo Zima

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimeshika maganda mawili ya risasi za bunduki. Hili la kwanza ni jeusi mdomoni na lina madoa ya matope. La pili linang'aa kama pete mpya. Mkiniambia nichague moja la kujaza baruti tena, nitachukua lile chafu. Hili linalong'aa lilisuguliwa kwa dawa yenye amonia, nami siliamini hata kidogo.

Ganda hutengenezwa kwa shaba ya manjano: sehemu 70 katika 100 ni shaba nyekundu, 30 ni zinki. Mchanganyiko huo haukuchaguliwa kwa uzuri wa rangi. Fataki, yaani kile kidude kidogo cha kitakoni kinachotoa cheche, inapowasha baruti, shinikizo ndani ya ganda la bunduki kubwa huweza kupita mara 3,000 ya hewa hii tunayovuta. Ganda hutanuka, hujibana kwenye kuta za chemba, pale risasi inapokaa ndani ya bunduki, na kuizuia gesi isimrudie mpigaji usoni, kisha hunywea kidogo ili litoke. Anayejaza upya anategemea tabia hiyo ya kutanuka na kunywea. Ukiiharibu wakati wa kusafisha, hakuna mng'ao utakaoirudisha.

Sasa niseme habari ya amonia, maana hapo ndipo ninapopata hofu. Katika karne ya 19 jeshi la Uingereza lililokuwa India lilisumbuliwa na jambo la ajabu. Mvua za msimu zikifika, risasi zilizohifadhiwa kwenye mabanda ya farasi zilikuwa zikipata nyufa zenyewe, wala hazijapigwa. Nyufa zile zikapewa jina la msimu. Maelezo ya kuridhisha yalikuja mwaka 1921, katika kazi ya Moor, Beckinsale na Mallinson: mkojo wa farasi hutoa amonia, na amonia ikichanganyika na unyevu huila shaba. Kumbukeni kwamba ganda huanza kama kisahani, likavutwa na kuvutwa mpaka likawa kikombe kirefu, na kuvutwa huko huacha mkazo ndani ya madini. Pale penye mkazo ndipo amonia hupenya na ufa huanza. Tiba yake ilikuwa kulipasha ganda moto kwa kipimo baada ya kuvutwa, mkazo ulegee.

Ganda lako lililopigwa, likasukumwa tena kwenye kalibu lirudi umbo lake, limejaa mkazo mpya. Kisha unalipaka dawa ya kung'arishia vyombo vya shaba, ambayo mara nyingi ina amonia! Soma maandishi ya chupa. Yasipokutosheleza, funua kifuniko unuse. Harufu ile inayochoma pua haijifichi.

Asidi nayo ina njia yake ya kuharibu. Nilipoanza kazi hii niliwahi kuloweka maganda kwenye siki na chumvi usiku kucha, nikiamini kwamba muda mrefu ndio usafi zaidi. Asubuhi yalikuwa na rangi ya waridi. Asidi ilikuwa imeng'oa zinki kwenye ngozi ya ganda na kuacha shaba nyekundu, laini, yenye vitundu visivyoonekana. Niliyatupa yote, na iliniuma. Siku hizi natumia asidi ya sitriki, kijiko kidogo tu kwa lita ya maji ya uvuguvugu, dakika kama kumi, kisha nasuuza mara mbili kwa maji safi.

Wengi hupenda mashine ya kutikisa yenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa, au chenga za maganda ya jozi, yale magumu. Kwa saa mbili tatu kazi imekwisha. Pipa linalozunguka lenye maji, sabuni ya vyombo na sindano fupi za chuma kisichoshika kutu husafisha mpaka ndani na kwenye tundu la fataki, ila hesabu sindano zako: moja ikibaki ndani ya ganda itakwenda na baruti. Kukausha kusiwe kwa pupa. Jua au feni vinatosha. Moto mkali hulainisha kitako cha ganda, na kitako laini hakizuii shinikizo.

Lugha yetu ina neno moja, risasi, kwa kile kinachotoka kwenye bunduki na kwa madini yale mazito yenye sumu. Katika kazi hii vyote viwili vipo mezani. Fataki nyingi zina mchanganyiko wa risasi, na masizi yake hubaki ndani ya ganda. Ukilitikisa kavu na kufunua mashine, lile vumbi linaloelea ni sumu, na mtoto huumia nalo kuliko mtu mzima. Kwa hiyo mimi huyachekecha maganda nje kuyatenga na magunzi au chenga, nikiwa na barakoa, na nguo zile hazichanganywi na za nyumbani. Kwa sababu hiyo hiyo naipenda njia ya maji: vumbi halipandi. Lakini maji yale meusi yasimwagwe kwenye bustani ya mboga.

Usafi una faida moja kubwa ambayo mng'ao hauionyeshi kwa mbali: hukuwezesha kuona. Likisha kukauka, lizungushe ganda chini ya taa. Tazama shingo, kama kuna ufa mwembamba kama unywele. Tazama juu kidogo ya kitako. Mstari mweupe uliozunguka hapo ni dalili kwamba ukuta umekonda na ganda liko karibu kukatika vipande viwili. Ukitilia shaka, chukua waya mwembamba, ukunje ncha, uupitishe ndani taratibu. Ukikwama kwenye mfereji, usijadiliane na nafsi yako. Libane ganda hilo kwa koleo mpaka lipondeke, lisije likarudi kwenye rundo la yale mazima.